Msichana Aliyeonja Mawe

Vikombe vya kahawa vilikuwa mbele ya wageni, na hakuna aliyegusa chake.

Hilo peke yake halikuwa tatizo. Ndivyo inavyofanyika kwetu Karak watu wanapokuja kuposa. Wazee wa upande wa mwanamume wanaingia na majoho yao, wanakaa, wanamiminiwa kahawa chungu ya iliki, na mkubwa wao anakiweka kikombe chini mbele yake bila kukionja. Anasema haja yake. Baba wa msichana akikubali, anajibu, "Kunyweni kahawa yenu." Hapo vikombe vinanyanyuliwa, wanawake wanapiga vigelegele, na mchele na nyama ya kondoo vinaletwa. Kwa kawaida kila kitu kimeshapangwa kwenye simu mapema, na kahawa haipati hata nafasi ya kupoa.

Yangu ilikuwa imepoa.

Nilikuwa nimesimama jikoni, nimebana jicho kwenye upenyo wa mlango unaotazama sebule ya wanaume, na gauni langu la kijani lenye nakshi kifuani lilikuwa limeanza kunata mgongoni. Nilimwona Sheikh Dhiyab, aliyeombwa kuja kusema kwa niaba ya ukoo wa mchumba wangu, mikono yake miwili imetulia juu ya bakora. Pembeni yake nilimwona Qutaiba. Alikuwa amevaa suti ya bluu ambayo hajawahi kuivaa maishani mwake na alikuwa akilitazama zulia. Na mbele yao nilimwona baba yangu Mufleh, ambaye watu wote humwita Abu Rakan, amekaa kimya.

Sheikh alikuwa ameshasema, tena kwa maneno matamu. Tumekuja nyumbani kwa watu wa heshima, tunamtaka binti yenu Rudaina kwa mtoto wetu Qutaiba, na kahawa hii hatuinywi mpaka mtupe tulichokijia. Ilikuwa zamu ya baba kutamka maneno yale machache.

"Sheikh," baba alisema, "umefika nyumbani kwako. Lakini hiyo kahawa iache kwanza hapo hapo ilipo."

Nilisikia sahani ikigonga sinia nyuma yangu. Mama naye alikuwa amesikia.

"Binti yangu amesemwa," baba aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo ambalo kwa baba ni baya kuliko kelele. "Leo asubuhi nimetoka kununua mkate, mtu mzima mwenye mvi kama zangu ananishika mkono, ananiambia, Abu Rakan, ifanyeni harusi haraka kabla gauni halijambana bibi harusi. Nikamwuliza hayo umeyatoa wapi. Akaniambia yametoka nyumbani kwa akina Qutaiba."

Qutaiba aliinua kichwa ghafla.

"Mimi nilipaswa kuwapigia simu msije. Nikasema hapana, waje, nilisikie jibu mbele ya wanaume. Sasa, Sheikh, mimi simtoi mwanangu aende kwenye nyumba inayomchafua kabla hajavuka kizingiti chake. Aliyesema atajwe, na alichokisema akithibitishe. La sivyo, mtanisamehe, mtasimama na kahawa mtaiacha."

"Ami, wallahi mimi sijui lolote..." Qutaiba alianza.

"Wewe nyamaza. Wazee wanaongea."

Niliona vidole vya Sheikh Dhiyab vikikaza bakora. Mtu aliyeletwa kwa heshima kuja kuomba, akarudi bila kunywa, hiyo ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Na mimi nilijua jingine ambalo baba, kwa hasira yake ya kunitetea, hakuliona. Wageni wakitoka bila kunywa, nani atasema walikataliwa kwa ajili ya heshima yangu? Watasema maneno yalikuwa ya kweli, ndiyo maana posa ikavunjika. Nitampoteza Qutaiba, na jina langu litakwenda naye.

Mama alinigeuza kwa bega.

"Rudaina." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Kuna kitu unataka kuniambia? Mimi ni mama yako. Niambie tu, nitajua pa kuanzia."

"Mama, hata na wewe?"

"Nakuuliza."

"Hakuna kitu, mama. Hakuna kabisa. Hata mkono wangu hajaushika."

Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Basi ni nani mwenye ulimi huo? Nimpate mimi, nitaukaanga na vitunguu."

Hapo ndipo nilipokumbuka zile lozi.

Tangu wageni wa kike walipofika, shangazi yake Qutaiba, Wasfiyya, alikuwa amekaa chumbani kwa wanawake na bakuli la lozi mbichi mapajani. Wakati huu wa mwaka kila nyumba ina lozi mbichi; zina ukakasi, unazichovya kwenye chumvi. Kila nilipopita alikuwa ananisogezea bakuli. "Kula, binti yangu, kula. Najua unavitamani vichachu." Na kila mara macho yake yalishuka mpaka kiunoni mwangu, yakapumzika pale kidogo, yakapanda tena.

Nilitoka jikoni moja kwa moja mpaka chumbani kwao. Shangazi Wasfiyya alikuwa amekaa kwenye godoro la heshima, mikufu yake yote shingoni, anamenya lozi.

"Shangazi," nikasema, "mimi ulinionaje?"

"Nilikuonaje wapi, mpenzi?"

"Popote uliponiona."

Hakubabaika, na kwa hilo nampa sifa zake. Aliweka lozi chini. "Mwanangu, mimi si mtu wa maneno. Nilikuwa naenda kuchuma mboga za porini kule bonde la Lajjun, mwezi uliopita, baada ya mvua. Nikakuona. Umepiga magoti peke yako kwenye ukingo, umeokota udongo, umeutia mdomoni. Ukautafuna. Ukafumba macho kabisa, kama mtu aliyepewa asali. Ukachukua mwingine. Na machozi yanakutoka." Aliwageukia wenzake. "Mimi nimebeba mimba, nyie mmebeba mimba. Mwanamke gani anatafuna udongo na kulia? Mimi mwanangu wa kwanza nilimaliza ukuta wa banda la kuku."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Na ukaenda kusema," mama alisema kutoka mlangoni.

"Sikusema, Umm Rakan. Nilimwuliza tu jirani yangu anaonaje."

Iliniuma mno. Haikuwa hasira, ingawa hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Ilikuwa kwamba katika siku zote za maisha yangu, alikuwa ameichagua ile.

Niwaeleze kazi yangu, maana hata nyumbani kwetu hakuna aliyeijua sawasawa. Mimi ni mwanakemia wa miamba. Ninachochunguza ni bahari iliyokuwa hapa kabla hapajaitwa Karak na kabla hapajakuwepo mtu wa kupaita chochote. Pale ambapo leo mbuzi wanahangaika kutafuta jani, papa walikuwa wanaogelea, na meno yao bado tunayaokota. Kile kilichozama chini ya bahari ile, tope juu ya tope, kiligandamana kikawa mwamba. Katika bonde la Lajjun mwamba huo ni mweusi na unanuka mafuta ya taa, kwa sababu wakati tope lile lilipozama maji ya chini hayakuwa na hewa. Bahari ilikuwa imekabwa koo. Kilichokufa hakikuoza, kikabaki na weusi wake hadi leo.

Profesa wangu alishikilia kwamba pale Lajjun hatutapata mahali ambapo bahari ile ilianza kupumua tena. Tabaka hilo, alisema, limeshasombwa na mvua. Mimi nilikataa. Nilikuwa nikipanda na kushuka ukingo ule tangu baridi ianze, na nyundo, na mifuko, na meno yangu.

Ndiyo, meno. Mtu wa kazi yangu akitaka kujua kama jiwe ni tope tupu au limechanganyika na mchanga mwembamba ambao jicho haliuoni, analing'ata kidogo. Vidole hudanganyika. Meno hayadanganyiki. Tope tupu linateleza mdomoni kama samli. Mchanga, hata uwe mwembamba namna gani, unakwaruza. Tope maana yake maji yamelala, mchanga maana yake maji yametikisika, na maji yakitikisika yanabeba hewa kwenda chini. Siku ile, baada ya mvua, niling'ata jiwe jeusi, likateleza. Nikapanda nusu hatua, nikang'ata la kijivu, na likakwaruza. Nilikuwa nimeipata pumzi ya kwanza ya bahari. Vipimo vya maabara vilithibitisha baadaye, lakini pale bondeni nilikuwa peke yangu nayo, na nililia kwa furaha kama mwendawazimu.

Na juu barabarani, shangazi Wasfiyya akiwa na kikapu chake cha mboga alikuwa ananihesabia miezi.

Qutaiba alilijua jambo hili. Ndivyo tulivyokutana. Yeye ni daktari wa mifugo, na mwaka juzi alishuka bondeni akiwafuata kondoo wenye upele, akanikuta nimeinama na jiwe mdomoni. Mwanaume mwingine angekohoa na kupita. Yeye alisimama, akavua kofia.

"Samahani, dada. Hilo linaliwa?"

"Linaonjwa," nikajibu, mdomo mweusi.

"Aah. Na wewe unapendelea ya aina gani?"

Nilimwambia asinicheke, na akaapa kwamba hacheki, kazi yake yeye ni kuwaingiza kondoo mkono hadi kwenye kiwiko na hakuna cha watu kinachomshangaza tena. Kisha akaomba aonje. Alitafuna kwa makini, kichwa amekiinamisha upande, na aliponitazama nilihisi joto likinipanda kutoka miguuni. Macho yake yana rangi ya chai iliyokolea. Niliyaona siku ile na sijapona.

Basi haya ndiyo niliyokuwa nayo kifuani niliposimama mbele ya Wasfiyya na mikufu yake. Na kule sebuleni nilisikia miguu ikisogea kwenye zulia. Wanaume walikuwa wanajiandaa kusimama.

Nilikimbilia chumbani kwangu, nikachukua mfuko wangu wa sampuli uliokuwa chini ya kitanda. Mama alinizibia njia ukumbini.

"Unakwenda wapi na hayo mawe?"

"Kwa wanaume."

"Bibi harusi haingii huko siku ya posa. Watasemaje?"

"Mama, wameshasema. Kuna kilichobaki?"

Aliniangalia, akaangalia mfuko, kisha akafanya jambo ambalo sitamlipa mpaka nakufa. Alinivuta, akaninyoosha mtandio kichwani, akanipangusa jasho juu ya mdomo kwa kidole chake. "Ingia ukiwa umenyooka," akasema. "Usiinamishe uso hata mara moja."

Nikausukuma mlango.

Sheikh Dhiyab alikuwa ameshanyanyuka nusu. Ndugu yangu Rakan alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Rudaina, rudi ndani," baba alisema.

"Baba, umetaka athibitishe. Mimi nimekuja na ushahidi."

"Nimekwambia rudi."

"Mwache, Abu Rakan." Sheikh alikaa tena taratibu. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ya uzee. "Anayesemwa ni yeye. Basi naye aseme. Sema, binti yangu."

Nilimtazama Qutaiba kidogo tu. Alikuwa ameinua uso, na katika macho yale hapakuwa na hofu, wala shaka. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo ilinifanya nitamani wote wale watoke nje, tubaki wawili tu na lile zulia katikati.

"Sheikh," nikasema, "nimeonekana bondeni nikitafuna udongo. Ni kweli, nilitafuna. Nimetafuna jana pia, na nitatafuna kesho. Ndiyo kazi ninayolipwa na chuo kikuu kuifanya. Haya hapa mawe yenyewe. Sitaki uniamini mimi, amini meno yako."

Nilipiga magoti mbele yake, nikamnyooshea kipande cheusi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Astaghfirullah." Mwingine alicheka kwa pua. Sheikh alilishika lile jiwe, akaligeuza, akalinusa.

"Linanuka taa ya bibi yangu."

"Ng'ata kidogo tu, kwenye kona."

"Meno haya si yangu, binti yangu, ni ya daktari wa Amman."

"Basi yatapata kazi ya maana."

Niliona masharubu yake yakicheza. Akang'ata. Wanaume wote walijisogeza mbele kama watu wanaotazama penalti.

"Enhe?" nikauliza.

"Linayeyuka," akasema, kwa mshangao. "Laini kama jibini ya mbuzi."

"Hilo ni tope la chini ya bahari. Maji yalikuwa yamelala, hayana hewa. Sasa hili." Nikampa la kijivu.

Aling'ata, akakunja uso. "Hili lina mchanga. Linakwaruza."

"Lina mchanga mwembamba ambao huwezi kuuona hata kwa miwani yako. Wakati huo bahari ilikuwa imeanza kutikisika na kupata hewa. Kutoka hilo jeusi hadi hilo la kijivu ndipo bahari yetu ilipofufuka, na watu walisema mahali hapo Lajjun hapapo tena. Mimi nimepapata. Siku niliyoonekana nikifumba macho na kulia, Sheikh, ndiyo siku niliyopapata. Nililia kwa furaha, na hapakuwa na mtu wa kumwambia."

Sheikh aliendelea kutafuna, polepole, akifikiri. "Bahari," akasema. "Hapa kwetu."

"Juu ya hii nyumba. Juu ya kichwa chako."

"Nipe na mimi," alisema mzee mmoja wa upande wetu, na kabla sijageuka mikono ilikuwa imenyooshwa pande zote. Mfuko ukazunguka. Wanaume wenye majoho ya sherehe, walioletwa kutoka mbali kukaa kwa heshima, walikuwa wanang'ata mawe na kubishana kama wakaguzi wa tende sokoni. Hili linateleza. Wapi, hebu lionje vizuri. Hili la kwangu lina mchanga, nakwambia. Rakan, ndugu yangu, aliyekuwa tayari kunikokota kwa nywele, alikuwa na weusi hadi kidevuni.

Baba peke yake hakuwa ameshika jiwe. Nilimwendea.

"Hii ndiyo kazi yako?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii nawaambia watu, binti yangu yuko chuo kikuu. Wakiniuliza anafanya nini, nasema mambo ya sayansi. Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilidhani utaniona wa ajabu, baba."

"Wewe ni wa ajabu." Alilichukua jiwe la kijivu mkononi mwangu, akaling'ata. Baba yangu si mtu wa kulia mbele za watu, na hakulia, lakini ilimbidi atazame dirishani kwa muda.

"Abu Rakan," Sheikh Dhiyab aliita, akijifuta mdomo kwa leso. "Maneno yalitoka kwetu. Mimi sikuyajua, lakini nimeyabeba kwa kuwa nimekuja kwa niaba yao. Nani aliyeyasema?"

Na mimi, ambaye nilikuwa na jina kwenye ncha ya ulimi, nililimeza. Sikumwonea huruma sana Wasfiyya. Lakini nilikuwa naenda kuishi naye ukoo mmoja.

Haikusaidia, kwa maana mlango wa jikoni ulifunguka wenyewe. Shangazi Wasfiyya alisimama pale, mikufu inalia, na nyuma yake mama yangu, ambaye sina hakika kama alikuwa amemshika mkono kwa upendo.

"Mimi," Wasfiyya akasema. "Niliona kwa macho yangu, nikafasiri kwa tumbo langu. Nimekosea." Alinyoosha mkono. "Lakini kabla sijaomba radhi, na mimi nipeni hilo jiwe. Siwezi kuomba radhi kwa kitu sikijui ladha yake."

Sheikh mwenyewe alimpa. Alitafuna, macho kwenye dari.

"Enhe, Wasfiyya?"

"Ukuta wa banda la kuku ulikuwa mtamu zaidi," akasema.

Sebule ililipuka kwa kicheko. Alinijia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu paji la uso mbele ya wote, na akaninong'oneza sikioni, "Nisamehe, binti yangu. Na zile lozi usiache kula, zinasaidia meno." Nikamsamehe. Ungefanyaje na mtu wa namna hiyo?

Sheikh aliinua bakora kidogo, watu wakatulia. "Binti, nikuulize swali moja. Ukishaolewa, utaendelea na bonde na mawe?"

Nilijua kwamba jibu la kunyenyekea lingewapendeza wengi.

"Nitaendelea, Sheikh. Nimepata mwanzo tu. Bahari ni kubwa."

"Qutaiba, umesikia? Mkeo atakuwa anarudi na mdomo mweusi."

"Nimesikia," Qutaiba akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu anyamazishwe. "Nitamwekea maji ya kusukutua mlangoni. Na akirudi na habari, asiwe peke yake wa kulia."

Nilitazama chini upesi. Mama alikuwa ameniagiza nisiinamishe uso, lakini alipoagiza hakuwa amesikia sentensi ile.

Baba alisimama. Alipanga kilemba chake, akamwita Rakan aondoe vikombe vilivyopoa na kumimina upya, na mvuke mwembamba wa iliki ukapanda kutoka kila kikombe. Kisha akasema, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwa jirani aliyependa kuulizwa anaonaje, "Sheikh Dhiyab, binti yetu ni binti yenu. Nimewapa, naye kichwa chake kiko juu. Kunyweni kahawa yenu."

Sheikh alikunywa kwanza. Wengine wakafuata, meno meusi na kahawa nyeusi, wakipongezana. Wanawake jikoni walikuwa wameshajaza vifua kwa ajili ya kigelegele.

Qutaiba hakunyanyua kikombe chake.

Alikuwa amekiweka mbele yake, juu ya zulia, kama mgeni ambaye haja yake haijajibiwa. Mmoja mmoja watu wakaona. Vigelegele vikakwama kooni.

"Wewe vipi?" baba akamwuliza. "Nimeshasema."

"Umesema wewe, ami, na nakushukuru, nitakushukuru maisha yangu yote." Alinyanyua macho yale ya chai, akavuka nayo sebule nzima, majoho yote na bakora zote, mpaka kwangu. "Lakini leo asubuhi jina lake limechafuliwa na watu wa nyumbani kwangu. Amepiga magoti mbele ya wanaume kujisafisha, na mimi nimekaa hapa nimeambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Pengine sasa hanitaki. Ana haki. Kwa hiyo mimi nakuja kwake na haja yangu, na kahawa hii siinywi mpaka anijibu yeye."

Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuona jambo hilo. Sheikh Dhiyab alikuwa amebaki na kikombe hewani. Baba akanigeukia mimi, na nikaona kwamba na yeye anangoja.

Nilikuwa nimetumia siku ile nzima nikiogopa kwamba wengine wataamua. Sasa walikuwa wote wamekaa kimya, wazee wa koo mbili, na neno lilikuwa langu. Nililiacha likae kidogo. Sikujua kama nitapata tena maishani nafasi ya kumwona daktari yule wa kondoo akikosa pumzi.

"Kunywa, Qutaiba," nikasema. "Itapoa."

Alikunywa yote kwa mara moja, ikamchoma, machozi yakamtoka, akacheka huku anakohoa. Na wa kwanza kupiga kigelegele, kirefu, mpaka mikufu ikamgongana shingoni, alikuwa shangazi Wasfiyya.